Kodi ya Ukaribu

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Azimio la Zanzibar la 1991 likaondoa lile katazo la viongozi. Sisi walimu tulilifundisha la kwanza kwa sauti kubwa. La pili tulilipokea kimya.

Swali lenyewe halikufutwa. Binti wa ndugu yangu ni muuguzi Bugando. Amepanga chumba na sebule Mabatini, ili akitoka zamu ya usiku arudi kwa miguu, apitie na sokoni. Huku Usagara kodi ni nafuu, lakini nauli na saa za barabarani zingeumeza unafuu huo. Mwenye nyumba analijua hilo, naye hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. (Ya dalali tuyaache.)

Kuta, bati na choo ni jasho la mwenye nyumba. Alipwe, sioni unyonyaji hapo. Ukaribu je? Hospitali, soko na barabara hakuvijenga yeye. Muuguzi anayekesha wodini ni mmoja wa wanaoupa mtaa ule thamani, kisha thamani hiyo anauziwa yeye.

Kutaifisha si dawa. Tuliona rangi ikibambuka pasipo wa kuipaka. Nilimwomba mwenye nyumba jambo dogo tu: apokee kodi mwezi kwa mwezi. Akanijibu, "Mwalimu, mpangaji wa mwisho niliyemwamini hivyo alihama usiku na deni la miezi 3." Jibu hilo lina uzito, nami bado nalipima.