Je, Furu Ana Haki Juu Yetu?



Muhula huu dada mmoja anayesomea uhifadhi wa wanyamapori na viumbe wa majini aliulizwa na wenzetu: Umma unafaidika nini mtu akitumia ada ya wazazi kuhesabu samaki, ilhali tunahitaji madaktari, walimu na mawakili? Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na naona swali hilo linatuhusu sisi kabla ya kumhusu yeye.

Hoja ya wenzetu si nyepesi. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufahamisha kwamba vilivyomo ardhini ameviumba kwa ajili yetu. Samaki ni halali. Basi mwanadamu akitangulizwa mbele ya samaki, kosa liko wapi?

Tutazame Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, sangara alitiwa katika ziwa ambalo hakuwa wake. Alitakiwa kugeuza vijisamaki vilivyoonekana havina thamani kuwa nyama nyingi. Vijisamaki hivyo ni furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Walikuwa zaidi ya aina 500, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine mayai ya samaki wenzao. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa ziwani. Wanasayansi wanakadiria kwamba aina kama 200 za furu zimetoweka, kwa sababu ya sangara na pia ya maji kuchafuka.

Ni kweli, sangara alileta viwanda na riziki. Lakini minofu ilikwenda Ulaya, na maskini wengi wa kando ya ziwa wakabaki kununua mgongo wazi. Furu wale “wasio na thamani” ndio bibi zetu waliowakausha na kuwasaga ili kuwalisha watoto waliodhoofishwa na surua.

Hapa pana somo la kwanza. Waliomleta sangara walitafuta maslaha, ila waliyapima bila elimu. Fiqhi inatufundisha kuondoa madhara, na kutanguliza kuzuia uharibifu kabla ya kutafuta manufaa. Lakini nani atakayetuambia kwamba madhara yapo? Sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara asiyefika sentimita 50. Faqihi hawezi kuitoa namba hiyo katika vitabu vyake. Anamhitaji mtu aliyewapasua samaki na kujua wanaanza kubeba mayai wakiwa na urefu gani. Imam Ghazali aliihesabu tiba na hesabu kuwa faradhi ya kutosheleza, kwa kuwa jamii haisimami bila hizo. Kwa kipimo hicho hicho, jamii inayoishi kwa ziwa haisimami bila anayelijua ziwa.

Somo la pili ni zito zaidi. Tuseme furu hana faida yoyote kwetu. Je, inajuzu kumfuta? Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliacha kuamrisha mbwa wote wauawe, na sababu aliyoitaja ni kuwa nao ni umma miongoni mwa umma. Na aya ya 38 ya Suratul An‘am inatuambia kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Nionavyo mimi, kumla samaki ni ruhusa tuliyopewa, na kuufuta umma mzima wa samaki ni jambo jingine ambalo ruhusa ile hailigusi.

Atauliza mtu: na mvuvi ambaye watoto wake hawajala leo? Haki ya furu haiondoi haki yake. Mwaka 2017 askari wa jeshi walipelekwa ziwani kusimamia sheria za uvuvi, na nguvu hiyo iliwaumiza wanyonge wengi. Kisiwani Misali, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walizungumzishwa pia kwa lugha ya amana na ukhalifa, lugha waliyokuwa nayo tayari. Hata hivyo, maneno matupu hayamshibishi mtu. Tukimwambia mvuvi apumzishe nyavu samaki wanapozaa, basi zaka zetu zimfikie katika miezi hiyo. Bila hivyo tunamtwisha yeye peke yake amana ya Umma mzima.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenzetu ni hili: dada yetu anatubebea faradhi ambayo, asingepatikana wa kuibeba, tungepata dhambi sote. Nasi wa masomo ya Kiislamu tuna deni kwake. Ninapendekeza kamati ya daawa imwalike azungumze nasi baada ya swala ya Ijumaa, tujifunze kwake kabla ya kupanda mimbari na kuwahutubia wavuvi.

Wallahu a‘lam.