Isogelee batiki

Ukipita Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Morogoro, msimu wa maonyesho ya kilimo ya Nane Nane, ukakuta batiki yenye picha ya ngoma ya mavuno, usianze na bei. Isogelee. Ile mistari myembamba kama nywele ni mahali nta ilipopasuka, rangi ikapenya. Meno meupe ya mchezaji ni kitambaa chenyewe, kilichozibwa kwa nta kabla ya rangi ya kwanza. Ukikosea hapo, hakuna kufuta. Kisha rudi nyuma, uitazame milima ya Uluguru iliyo nyuma ya wachezaji. Mara nyingi ni bluu tupu, nayo hunikera kidogo: matuta ya mboga ya Mgeta, kwenye milima hiyohiyo, yamekosa hata mstari mmoja?