Ni Nani Aitwaye Shujaa? Fikira juu ya Wazimamoto wa Kujitolea

Neno shujaa limetujia kutoka Kiarabu, nalo limekaa nasi muda mrefu hata wanafunzi wetu hawadhani kwamba lilipata kuwa geni. Hata hivyo yafaa tujiulize twalitumia kwa maana gani. Kila mwaka nchi zetu huadhimisha siku za mashujaa: Rwanda tarehe 1 Februari, Uganda tarehe 9 Juni, Tanzania tarehe 25 Julai, Kenya tarehe 20 Oktoba. Nyakati hizo walimu wengi huwapa wanafunzi insha juu ya shujaa, na aghalabu insha zinazorudi hufanana: mtu mwenye silaha, adui, damu, ushindi. Hatusemi kwamba insha hizo ni mbaya. Twasema tu kwamba zimeshika maana moja ya neno, ile ya uwanja wa vita, na kuziacha nyingine nje ya mlango.

Katika makala haya twapenda kuchungua ushujaa wa mtu ambaye adui yake hana chuki naye. Moto haumchukii mtu. Huunguza nyumba ya mwema na ya mwovu kwa hamu ile ile, na anayepambana nao hawezi kusema kwamba analipiza kisasi, wala hatarajii nyara. Tumechagua mfano wa nchi ya mbali, yaani Chile iliyoko Amerika ya Kusini, kwa sababu huko jambo hili limefikishwa hadi mwisho wake. Ukiacha vikosi maalumu kama vile vya viwanja vya ndege na vya misitu, wazimamoto wa miji na vijiji vya Chile, ambao idadi yao yapita 50,000, hawalipwi mshahara. Wote ni watu wa kujitolea.

Mambo hayo yalianza Valparaíso, mji wa bandari uliojengwa juu ya vilima, ambako upepo wa bahari ukikutana na nyumba za mbao hausikilizi dua. Baada ya moto mkubwa wa Desemba 1850 wakaazi waliunda chama cha kupambana na moto, nacho kikaanza rasmi tarehe 30 Juni 1851. Wafanyabiashara wa kigeni waliokaa hapo, Wajerumani, Wafaransa na wengineo, nao wakaunda vikosi vyao. Santiago, mji mkuu, ulichelewa, na ukajifunza kwa gharama ya kutisha. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1863, kanisa la La Compañía lilishika moto wakati wa ibada. Taa zilikuwa nyingi, mapambo mengi zaidi, na watu walikuwa wamebanana. Walikufa zaidi ya watu 2,000, wengi wao wanawake na wasichana. Siku chache baadaye raia mmoja, José Luis Claro, alitoa tangazo gazetini kuwaita vijana waliotaka kuunda kikosi cha zimamoto, na tarehe 20 Desemba kikosi kikazaliwa. Tangazo lile lilikuwa fupi mno. Halikutaja ushujaa hata mara moja. Lilitaja siku, saa na mahali pa kukutania.

Ufupi huo ndio uliotuvuta tulipoanza kuyafikiri mambo haya. Maisha ya mzimamoto wa Chile, ukiyatazama kwa karibu, yamejaa mambo yasiyofaa kuimbiwa. Yeye ni daktari, au mwashi, au mwanafunzi wa chuo, au karani wa benki. King'ora kikilia huacha alichokishika. Lakini siku ambazo hakilii ndizo nyingi. Siku hizo kuna mipira ya maji ya kuoshwa na kuanikwa, ngazi za kukaguliwa, mazoezi ya kurudiwa mara ya mia. Kuna zamu ya kulala kituoni. Tena kuna jambo ambalo msomaji huenda akalisoma mara mbili: mzimamoto huyo hutoa ada ya kila mwezi kwa kikosi chake. Hapewi ujira kwa kuingia motoni. Yeye ndiye anayelipa. Kisha, akifa kazini, huzikwa usiku, wenzake wakimsindikiza kwa mienge. Wa kwanza kufa katika kikosi cha Santiago alikuwa Germán Tenderini, mchongaji wa marumaru kutoka Italia, katika moto ulioteketeza jumba la michezo la mji tarehe 8 Desemba 1870, miaka saba kamili baada ya moto wa kanisa. Mtaa ulio kando ya jumba hilo waitwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo penye ushujaa, yaani katika kifo. Sisi twaona shaka. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1953, watu wakiwa bado katika sherehe za mwaka mpya, moto ulizuka katika ghala la mbao huko Valparaíso. Wazimamoto walikuwa kazini wakati vilipuzi vilivyokuwa vimewekwa katika bohari ya serikali iliyokuwa jirani vilipolipuka. Walikufa wazimamoto 36. Sasa tuulize: je, wale 36 walikuwa na moyo mkubwa kuliko wenzao waliokuwa wameshika mpira upande wa pili wa jengo, wakarudi nyumbani? Wote waliitikia king'ora kile kile. Kilichowatenga ni hatua kadhaa za ardhi. Tukisema shujaa ni yule aliyekufa, tumeuweka ushujaa mikononi mwa bahati, na mtu hawezi kusifiwa wala kulaumiwa kwa bahati.

Mwanafalsafa Mwingereza J. O. Urmson, katika insha aliyoitoa mwaka 1958 juu ya watakatifu na mashujaa, alilalamika kwamba wanafalsafa walizoea kuyagawa matendo katika mafungu matatu: yaliyo wajibu, yaliyoruhusiwa, na yaliyokatazwa, na katika mafungu hayo shujaa alikosa mahali pa kukaa. Mfano wake mmoja ni askari anayejitupa juu ya bomu la mkono ili wenzake wapone. Tendo hilo si la kuruhusiwa tu, kama kunywa chai. Wala si wajibu, maana nani angethubutu kumlaumu asingelifanya? Wasomaji wetu hawahitaji kwenda mbali hadi kwenye bomu la Urmson. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, nchini Rwanda, waliamriwa na wauaji wajitenge, Wahutu mbali na Watutsi mbali, nao wakakataa. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Jambo gumu aliloliona Urmson ni hili: shujaa mwenyewe, akiulizwa, aghalabu hujibu kwamba alitimiza wajibu wake tu. Je, anasema kweli au ananyenyekea? Kwa askari wa bomu swali hili halina jibu rahisi. Kwa mzimamoto wa kujitolea twadhani lina jibu, na jibu lenyewe limo katika neno letu la Kiswahili.

Sisi walimu huwafundisha wanafunzi mnyambuliko huu kila mwaka: toa, tolea, jitolea. Katika toa mtu ana kitu mkononi na anakiachia. Katika tolea amepatikana mtu wa pili, yule anayetolewa. Kiambishi -ji- kinapoingia, mtoaji na kitolewacho huwa kitu kimoja. Mtu amekuwa ni zawadi yake mwenyewe. Lakini ile kauli ya kutendea haikuondoka. Bado yadai mtendewa. Kujitolea kwa nani? Kwa hiyo Kiswahili hakikubali kujitolea hewani, kwa ajili ya sifa ya nafsi tu. Lazima awepo mtu upande wa pili. Na kwa mzimamoto mtu huyo ni nani? Ni mtu ambaye hajulikani bado. Siku kijana anapotia sahihi yake kituoni, nyumba atakayoiingia miaka mitano baadaye huenda haijajengwa.

Hapo ndipo anapotofautiana na jirani mwema. Vijijini mwetu mbiu ikilia watu hutoka na ndoo, na mchanga, na matawi mabichi. Hao nao hujitolea, wala hatuwadharau hata kidogo. Pengi hakuna zimamoto mwingine ila wao. Lakini jirani huikimbilia nyumba anayoijua, ya mtu aliyekula naye, na anajua kwamba kesho huenda moto ukawa wake. Yule wa Chile amekwisha kumwahidi mgeni. Kabla ya kuahidi hakuwa na wajibu wowote, na angalibaki kitandani bila lawama. Baada ya kuahidi hana hiari tena: king'ora kikilia usiku wa manane na mvua inanyesha, kwenda ni deni. Basi anaposema kwamba alitimiza wajibu wake tu, asema kweli tupu. Wajibu ni wajibu kweli, ila aliutwika mabegani mwake yeye mwenyewe, siku ya jua, alipokuwa na nafasi ya kufikiri. Kwa maoni yetu ushujaa wake umo zaidi katika siku ile ya jua kuliko katika usiku wa moto.

Aristotle alifundisha kwamba ujasiri hukaa kati ya woga na ujuba. Jambo hili vijana hawapendi kulisikia, lakini kazi ya zimamoto yalithibitisha kila siku. Kiongozi wa kikosi akiona paa linakaribia kuanguka na ndani hamna mtu, huwaamuru watu wake watoke, na nyumba huachwa iungue. Anayekataa kutoka si shujaa kuwapita wengine. Amewaongezea wenzake mtu mmoja wa kuokolewa. Hofu hapo ni chombo cha kazi, kama kofia ngumu na buti.

Kuna wasomaji watakaotuuliza: je, ni kukosa mshahara ndiko kunakomfanya mtu shujaa? Hapana. Wazimamoto 343 wa New York waliokufa tarehe 11 Septemba 2001 walikuwa watu wenye mshahara, na hakuna mwenye akili atakayewapunguzia kitu kwa sababu hiyo. Fedha huharibu mambo mahali pengine. Mwaka 2010, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, wakaazi wa nje ya mji mmoja mdogo walitakiwa walipe dola 75 kwa mwaka ili wapate huduma ya zimamoto ya mji huo. Mtu mmoja hakuwa amelipa. Nyumba yake iliposhika moto, akaahidi kulipa papo hapo, akakataliwa. Magari yalikuja pale moto ulipotishia mali ya jirani aliyekuwa amelipa. Wazimamoto wakailinda mali ya jirani, na nyumba ya yule wa kwanza ikateketea mbele ya macho yao. Wapo waliowatetea kwa hoja ya kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba kama kila mtu angengoja moto ndipo alipe, hapangekuwa na gari wala maji. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini twadhani msomaji ahisi, kama sisi, kwamba pale kilikuwapo kila kitu isipokuwa mtendewa. Vitenzi vilikuwa vya kutenda tu.

Sifa nazo zina hatari yake. Mapema mwezi wa Februari 2024 moto wa misitu uliingia Viña del Mar na miji ya jirani, ukaua zaidi ya watu 130. Wazimamoto wa kujitolea walisifiwa nchi nzima, kwa haki kabisa. Wengine walikuwa wakizima nyumba za watu huku za kwao zikiungua. Mwezi wa Mei mwaka huo huo kijana mmoja, mzimamoto wa kujitolea, alikamatwa pamoja na mtumishi wa shirika la misitu, wakituhumiwa kwamba wao ndio waliouwasha moto. Hukumu ni kazi ya mahakama, wala si yetu. Lakini kushtuka kwa watu kulitufundisha kwamba tulidhani sare humgeuza mtu malaika. Haimgeuzi.

Hatari ya pili yatuhusu walimu kwa karibu, nasi hatutaipita kimya. Tukimwita mtu shujaa, mara nyingi twamaliza deni letu kwake kwa neno hilo. Ni nani kati yetu asiyejua maneno ya kwamba ualimu ni wito? Maneno mazuri! Husemwa kwa sauti ya juu zaidi katika miezi ambayo mshahara umechelewa. Mzimamoto naye huitwa jemadari wa moto na mtukufu wa taifa, na kesho yake atafuta fedha za buti. Sifa ya namna hiyo ni njia ya kumweka mtu juu sana, mahali ambapo mkono wetu hauna haja ya kufika.

Ndiyo sababu tumeona jambo la kutafakari katika sheria moja ya Chile ya mwaka 1977. Sheria hiyo haikuwapa wazimamoto mshahara. Iliweka utaratibu wa matibabu na malipo kwa mzimamoto anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa jamaa zake akifa. Zawadi yenyewe haikununuliwa. Mwashi aliyeanguka ngazini katika moto wa mtu mwingine ataendelea kuitwa mtu wa kujitolea, ila gharama ya hospitali si yake.