Ulimi Wako Usiuache Getini

Wanangu mlioanza shule mpya muhula huu, neno la leo ni lenu. Wazazi nao watege sikio. Zamu yao inakuja.

Nawajua. Mmetoka Bukavu, Goma, Uvira, Bunia. Huko ulisoma kwa Kifaransa na ulikuwa wa mbele darasani. Hapa Kampala mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, uwanjani wenzako wanataniana kwa Kiganda, na wewe umerudishwa madarasa mawili nyuma, umeketi na watoto unaowapita kichwa kizima. Binti, nywele ulizosukwa tangu utotoni shule imetaka zinyolewe, na siku ya kwanza ulikuwa ukijipapasa kichwa kama mtu aliyepotelewa na kitu. Wakicheka nyuma yako, moyo unakuambia wanakucheka wewe. Usiku tumbo linauma; mama anadhani ni malaria.

Hofu hiyo si dhambi, mwanangu. Usiionee haya. Lakini nimeona inakowapeleka baadhi yenu, na hapo ndipo ninapowasihi kwa machozi. Mmoja amejibandika jina jipya. Mwingine anasema kwao ni Masaka. Mwingine, mama yake akifika getini na kitenge chake, anamkimbilia amwondoe upesi kabla hajafungua kinywa, maana mama atasema Kiswahili.

Fungueni Danieli sura ya kwanza. Kijana anatolewa Yerusalemu kwa nguvu, anapelekwa Babeli, anaingizwa shuleni. Ndiyo, shuleni! Miaka 3 ya lugha ya Wakaldayo na maandishi yao, chakula cha ugenini, na mkuu wa matowashi akampa jina geni, Belteshaza. Je, aligoma kusoma? Alisoma, akawapita wote. Someni basi! Kiingereza kishikeni. Kiganda msikingojee darasani: kesho asubuhi mwambie muuza chapati «wasuze otya», ukikosea acha acheke, keshokutwa rudia. Lakini ilipoletwa sahani ya mfalme, Danieli alikataa. Lugha yao aliipokea, nafsi yake hakuiuza.

Na Kiswahili chako usikiuze. Wapo wazee katika mji huu ambao wakikisikia wanakumbuka askari waliokisema kwenye vizuizi vya barabarani. Maumivu yao ni ya kweli, msiyabeze. Ila jueni pia kwamba Katiba ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekiweka kati ya masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Umesikia? Unachokificha mfukoni, mwenzako anakitafuta kwa kamusi! Kipindi hicho kikifika, inua mkono. Ni kweli Kiswahili chetu cha Kongo kina mambo yake, mwalimu atakusahihisha ngeli, nawe kubali kusahihishwa. Kisha mwelekeze jirani yako matamshi, naye akuelekeze hesabu kwa Kiingereza.

Tena Danieli hakuwa peke yake. Alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria: watatu tu, katika Babeli yote ile! Acha kuhangaika upendwe na darasa zima. Mtafute mmoja. Mara nyingi ni yule anayekula posho na maharage yake pembeni, naye anakuogopa wewe kama unavyomwogopa yeye.

Sasa nawageukia ninyi mliozaliwa hapa, mnaoimba nasi kwaya, mnaosoma na hawa wiki nzima. Mgeni akifika katika nyumba za Buganda huletewa buni za kahawa atafune. Hiyo ni heshima mliyoachiwa na babu zenu. Kwa nini basi mgeni wa darasani aletewe kicheko? Aliyekwisha kukaa kwenye benchi ndiye anayeweza kusogea. Sogea! Mwite jina lake lote, ukilikosea muulize tena, usimpachike la utani kwa kuwa lake limekushinda.

Nanyi akina mama na akina baba, najua siku nzima mko sokoni na mizigo, na kodi ya nyumba haingoji. Hata hivyo, kesho jioni msianze na alama. Mwulizeni mtoto alikaa na nani wakati wa chakula. Akinyamaza, sufuria ingoje. Keti karibu naye mpaka aseme.