Moto Hauulizi

Fedha huyeyuka ikifika nyuzi 961 za Selsiasi. Kabla ya hapo huwa inakaidi. Inakuwa nyekundu, inalegea kidogo pembeni, lakini bado unaweza kusoma maandishi yaliyochorwa juu yake. Halafu ghafla, ndani ya sekunde chache, inajikusanya kuwa tone moja linalong'aa, na kila kilichoandikwa kimekwisha. Nimefanya kazi hii miaka tisa na bado zile sekunde hunifanya nishike pumzi.

Mwaka juzi, Jumanne moja baada ya mvua, kijana aliingia kwenye kibanda changu hapa Meru mjini, si mbali na soko la Gakoromone.

"Muga, fundi."

Akatoa bangili kwenye jaketi, imefungwa kwa karatasi iliyokuwa na mafuta ya chipsi. Nikaipima: gramu 41. Upande wa ndani kulikuwa na herufi mbili na mwaka, 1974, vyote vimelika kwa kuvaliwa. Nilimuuliza swali moja tu: anataka pesa, au anataka nimtengenezee kitu?

"Pesa, boss."

Nikalipa. Jioni nikayeyusha.

Siku ya kumi na moja akaja mama mmoja, umri wa miaka sabini hivi, leso kichwani, ameshika simu ya mjukuu wake. Kwenye simu kulikuwa na picha ya sherehe fulani, imevutwa karibu mpaka ukaonekana mkono wake na ile bangili. Alikuwa amepita kwa mafundi wote wa mtaa huu, mmoja baada ya mwingine.

"Fundi, umeiona hii?"

Nilikuwa nimeiona. Sehemu yake ilikuwa tayari pete mbili, na moja ilikuwa imeshaenda Nanyuki kwa bibi harusi. Iliyobaki ilikuwa donge juu ya meza, mbele yake. Nilimwambia ukweli, maana hata ningetaka kudanganya uso wangu ulikuwa umeshasema. Nikampa lile donge. Nikamwahidi kuongezea fedha yangu mpaka ifike gramu 41 na kumtengenezea nyingine ya namna ile ile, bure. Akaligeuza mkononi, kisha akalirudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.

"Mwanangu, mimi nimekuja kutafuta bangili. Wewe unanipa fedha."

Akaondoka.

Kiswahili kina neno moja kwa ile metali na kwa pesa. Kila siku nalitumia bila kufikiria. Siku ile ndipo nilisikia jinsi lilivyo zito. Kwangu, kilichokuwa mezani kilikuwa mali yake ile ile, gramu kwa gramu. Kwake hakikuwa kitu chochote. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa lipi hasa. Sikuiba. Sikumtuma mtu aibe. Sheria ya jinai ya Kenya, kifungu cha 322, inamshika anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hayo maneno, "sababu ya kuamini", ndiyo yananisumbua. Karatasi ya chipsi ilikuwa sababu. Herufi mbili zilikuwa sababu. Mwaka 1974, mkononi mwa kijana ambaye hakuwa amefika miaka ishirini na mitano, ulikuwa sababu. Macho yangu yaliona vyote vitatu. Sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa mtu aliyechagua kutojua, na nadhani hapo kuna tofauti kubwa kuliko tunavyopenda kukubali.

Nilifundishwa hivyo. Kazi niliijifunza Nairobi, kwa sonara mmoja mzee aliyekuwa na chumba ghorofani katikati ya mji. Alinifundisha kushika tupa, kuchanganya lehemu, kuvuta waya mpaka uwe mwembamba kama unywele. Pia alinifundisha kanuni yake: pima, lipa, yeyusha. Ukianza kuuliza, alisema, utafunga duka.

Haikuwa kanuni ya kijinga. Ukifuatilia historia ya fedha katika pande hizi, karibu yote ilikuwa kitu kingine kwanza. Kuna ile sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya Maria Theresa. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja ikiwa na mwaka ule ule. Ilizunguka Ethiopia, Oman na pwani yetu, na mafundi waliiyeyusha kutengeneza bangili, mikufu na vishikio vya majambia. Kulikuwa na rupia za India. Hata shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na robo yake fedha. Kama kila gramu ingelazimika kujieleza imetoka wapi, hakuna mtu angevaa hata hereni.

Kwa muda huo ndio ulikuwa utetezi wangu. Halafu nikaona shimo lake. Sarafu imetengenezwa isimjue mtu. Inapita mkono hadi mkono, na anayeitoa hakumbukwi. Ndiyo kazi yake. Bangili yenye herufi mbili ni kinyume kabisa: mtu fulani alimlipa fundi fulani ili kile kitu kimjue mtu mmoja tu. Mimi niliichukua nikaifanya kama sarafu. Sikubadilisha umbo peke yake. Niliifuta aina yake.

Hapa kwetu Meru fundi wa chuma aliitwa muturi, na wazee bado wanasimulia jinsi laana yake ilivyoogopwa. Zamani nilifikiri ni ushirikina tu. Siku hizi naona kulikuwa na akili ndani yake. Muturi ndiye aliyefua mikuki na panga za majirani wote. Ungempelekea panga la jirani, angeijua kazi ya mikono yake kabla hujamaliza salamu. Hakuhitaji kuuliza, maana alikuwa sehemu ya jibu. Mimi kibandani naletewa vitu vilivyofanywa Mombasa, Dubai, Istanbul, na watu nisiowajua majina. Asubuhi anakuja msichana wa chuo na picha ya pete kwenye simu, anataka kama hiyo lakini nyembamba. Mchana anakuja mzee wa Maua anayetaka jina la marehemu mkewe ndani ya pete yake. Jioni anakuja dereva wa matatu na mkufu uliokatika. Huo ndio utamu wa mji. Lakini mji ulininyima kile muturi alichokuwa nacho, na mimi sikuweka kitu kingine mahali pake. Niliacha nafasi wazi na kuiita biashara.

Kuna hadithi nyingine ya kwetu inayohusu chuma. Wameru wanasimulia kwamba waliishi Mbwaa chini ya watu waliowaita Nguo Ntune, na wapo wanaosema Mbwaa ilikuwa Manda, kando ya Lamu. Watawala wale waliwapa majaribio yasiyowezekana, na mojawapo lilikuwa kufua mkuki wa kufika mbinguni. Wakaamua kuondoka. Nilipokuwa mdogo niliipenda kwa ajili ya safari. Sasa naisikia kama hadithi ya kazi iliyokataliwa. Wapo mafundi waliosema kazi hii haifanyiki, na wakalipa gharama ya kusema hivyo.

Basi baada ya yule mama nikaamua kuuliza. Kila mtu aliyeleta fedha nilimuuliza: hii ni yako? Umeitoa wapi?

Haikuchukua mwezi kuona ubaya wake. Alikuja mama mwingine, kijana kidogo, na jozi ya hereni nzito. Nikamuuliza ni zake. Alikaa kimya, kisha akasema mtoto amelazwa na bili inapanda. Machozi yakamtoka, nadhani si kwa sababu ya bili. Alikuwa ameshafika mahali pa kuuza hereni zake, na hapo hapo mtu asiyemjua anamtaka athibitishe kwamba yeye si mwizi. Alizichukua akaenda kwingine.

Usiku ule nilijipigia hesabu nyingine. Ni nani niliyekuwa nimewauliza kwa sauti kali? Vijana wenye ndala. Watu wa boda. Msee mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kunukia pombe. Na yule bwana wa suti aliyeleta sinia ndogo ya fedha? Huyo nilimkaribisha kiti na kumuuliza habari za Nairobi. Swali langu halikuwa likitafuta wezi. Lilikuwa likitafuta maskini.

Nikakumbuka Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kukaa gizani. Nchi nzima, wote, mpaka marufuku ilipoondolewa miezi michache baadaye. Vijana waliokuwa wakiokota makopo kwa uaminifu walilala njaa pamoja na waliokuwa wakifungua nguzo usiku. Serikali ilikuwa imeshindwa kutofautisha, ikamfungia kila mtu mlango. Mimi nilijifanya naweza kutofautisha kwa kuangalia viatu. Sijui ni lipi baya zaidi.

Nilichofikia si kikubwa. Fedha yoyote inayoletwa kuuzwa haiguswi na moto kwa siku 14. Naipiga picha, naandika kwenye daftari, na picha nawatumia mafundi wenzangu kwenye WhatsApp. Muuzaji namlipa nusu papo hapo, nusu nyingine siku 14 zikiisha. Simuulizi chochote zaidi ya jina na namba. Suti au ndala, ni siku 14.

Sababu yake ni hii. Swali linachagua mtu. Linaanza na uso wa anayeulizwa. Kusubiri hakuchagui. Hakumwambii mtu yeyote "nakushuku". Kunasema tu kwamba huenda yupo mwingine anayekitafuta kitu hiki, na tumpe muda afike. Moto wenyewe hauulizi wala hausubiri. Ukishapita, hata mwenye haki hana cha kuonyesha. Kwa hiyo kama kuna wema wowote katika kazi yangu, lazima uwe umefanyika kabla sijawasha gesi. Wa mwisho kukiona kitu kikiwa bado kitu ni mimi.

Kuna gharama. Wapo wasioweza kusubiri nusu ya pili, na wanakwenda kwa anayelipa yote leo. Baadhi yao ni wezi. Baadhi yao wana mtoto hospitalini, na najua kwamba kanuni yangu imewachelewesha watu wasio na hatia ili kumlinda mtu ambaye pengine hayupo. Sina jibu safi kwa hilo. Naweza kusema tu kwamba uchelewesho huo tunaugawana: wao wanangoja nusu yao, mimi nahatarisha nusu yangu.

Mafundi wa Lamu wana pete fulani ambayo watu huniomba niige. Wanachukua kigae cha sahani ya kauri iliyovunjika, wanakisugua mpaka kitoshe, kisha wanakizungushia fedha. Mpaka leo nakataa kuiiga, lakini nina moja, niliinunua, naiweka karibu na kalibu. Kigae bado kina kipande cha ua la buluu lililokatwa katikati. Ukikitazama unajua kilikuwa sahani, na unajua ilivunjika.

Lile donge la mama lingali kwenye rafu. Niliuliza sokoni anakokaa, sikumpata.

Kwa muda wote wa daftari, mwenye kitu amejitokeza mara moja tu. Ilikuwa siku ya sita, msichana wa miaka kumi na saba hivi, kwa ajili ya mkufu usiofika gramu 6. Alikuwa na picha yake akiwa ameuvaa. Nikamkabidhi, na nusu yangu ikawa imeenda. Alijaribu kuufunga shingoni pale pale mlangoni, lakini ndoano ilikuwa imelegea. Nikaikaza kwa koleo, akaufunga, akaondoka.