Michango ya Watoto wa Skuli



Mwaka 2011 ukame uliwafikisha watu wa Turkana na wa kaskazini mashariki ya Kenya katika njaa kali. Mwezi wa Julai ukaanzishwa mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, Msalaba Mwekundu ukiwa miongoni mwa wasimamizi wake, kwa azma ya kupata shilingi milioni 500 katika muda wa wiki nne. Na kiasi hicho kikapitwa. Watoto wa skuli nao walikuwamo katika watoaji.

Jambo hili litazameni kwa upande wa Kitale na Bungoma. Miji hiyo imo katika nchi ya mahindi, na barabara ya kwenda Lodwar, mji wa Turkana, hupita Kitale. Mtoto wa kule ana shamba nyuma yake na njaa mbele yake. Akitoa shilingi, humpa jirani. Basi sisi wa pwani tuwafunze wetu vipi? Hapa pana masuala matatu.

La kwanza: je, yafaa kumpa asiyekuwa Mwislamu? Yafaa. Katika Sura ya Al-Insan Mwenyezi Mungu amewasifu wamlishao maskini, yatima na mfungwa. Na wafungwa wa zama zile, kama walivyobainisha wanavyuoni, walikuwa mushrikina. Zaka ina watu wake. Sadaka ya hiari mlango wake ni mpana.

La pili: mtoto atatoa mali ya nani? Katika madhehebu ya Imam Shafii, asiyebaleghe hana ruhusa ya kugawa mali yake, wala walii wake hawezi kuitoa sadaka kwa niaba yake. Basi mzazi atoe katika mali yake mwenyewe, amtume mtoto, na amweleze ziendako fedha zile na kwa nini. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama naye ana hija, akajibiwa kuwa anayo, na mama ana ujira wake. Wema wa mtoto haumpiti aliyemlea.

La tatu, nalo ndilo zito: achangishwe vipi? Likisomwa daftari hadharani, mwana wa tajiri akapigiwa makofi, na mwana wa maskini akasimamishwa kwa kuwa hakuleta kitu, hiyo si sadaka tena, ni kodi. Ni wema gani huu wa kumlisha mwenye njaa aliye mbali kwa kumvunja uso maskini aliye darasani? Sura ya Al-Baqara imetuonya kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka.

Enyi walimu, wekeni sanduku lenye tundu. Watoto wote wapite, kila mmoja atie mkono, mwenye kitu na asiye nacho, pasijulikane nani katia nini.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu mikono mikunjufu, na atuepushe sisi na ria. Amin.