Kinachotolewa Bure Hulipwa na Nani?

Tumeulizwa swali na kijana wa Bungoma, nasi tumelibeba mpaka nyumbani Mombasa kabla ya kuweza kulijibu. Muulizaji ni kinyozi, aliyepata kusoma kwetu miaka mitatu kabla ya kurejea bara kwa mama yake. Alituuliza hivi: "Sheikh, nikichukua kitu kwa halali, sikukiiba wala sikukilipia, na mtu mwingine akakilipia ili apate kusema nami, je, nimepewa au nimeuzwa?"

Twamwomba msomaji wetu wa pwani atuvumilie tukimpeleka mbali kidogo na bahari. Mwezi uliopita tulisafiri kwenda kuwatembelea ndugu zetu walioko Kitale, kisha tukashuka Bungoma kwa matatu, kwa njia ya Kiminini na Webuye, mahindi kushoto na kulia. Watu wa huko ni watu wa nyimbo. Wabukusu wana chombo chao cha nyuzi kiitwacho litungu, na mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, vijana wao watiwapo jandoni, njia zote hujaa sauti. Ama hukumu ya nyimbo zenyewe, wanazuoni wamekhitalifiana tangu kale. Imamu Ghazali ameitengea mlango mrefu katika Ihya yake, na mwenye kutaka ausome. Hilo silo shauri letu leo. Shauri letu ni bei.

Katika mji wa Kitale, karibu na kituo cha matatu, tuliona duka ambalo mlangoni pameandikwa tu kwamba hapo huchajiwa simu. Ndani yake amekaa kijana na kompyuta. Mtu humpa kadi ndogo kama ukucha, na kwa bei ya kikombe cha chai hurudishiwa kadi hiyo ina nyimbo mia mbili. Katika fedha ile hapana hata senti moja imfikiayo aliyetunga wala aliyeimba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, yalikataza jambo hili waziwazi, lakini sheria iko Nairobi na duka liko Kitale. Sisi wenyewe tulipata kuandika katika kurasa hizi kwamba jasho la mtunzi ni mali, na kwamba kumwibia mtu sauti yake ni sawa na kumwibia kuku. Tofauti ni kuwa kuku huonekana amepungua bandani.

Kinyozi wetu aliyasoma maneno hayo akayashika. Akaacha kwenda katika maduka kama lile, akatafuta njia ya halali, na njia aliipata, maana siku hizi ipo. Wamezuka watu waliofungua mlango wa tatu baina ya kuiba na kununua. Miongoni mwao ni Mdundo, kampuni iliyoanza Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ambayo hisa zake ziliingia katika soko la Copenhagen, Denmark, mwezi wa Septemba 2020. Msikilizaji huupakua wimbo katika simu yake bila ya kutoa kitu, kwa ridhaa ya mwenye wimbo. Wafanya biashara hulipa ili matangazo yao yasikiwe. Na sehemu ya fedha hizo hugawiwa wenye nyimbo. Boomplay nayo, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015 na kuenea ndani ya simu za Tecno, ina mlango wa bure wa namna hiyo, ingawa ina na mlango wa kulipia. Kwa mtu wa Bungoma anunuaye intaneti kwa vifurushi vya siku moja moja, kuupakua wimbo mara moja na kuusikiliza mara mia, pasipo mtandao, ni hesabu njema.

Twasema kabla ya neno lingine lolote kwamba jambo hili asili yake ni jema. Aliyekuwa hapati kitu sasa apata kitu. Aliyekuwa mwizi bila ya kujijua amepewa njia ya kuacha wizi bila ya kuzidishiwa umasikini. Mwenye kuwacheka vijana kwa kupenda cha bure na akumbuke kuwa hawa wangeweza kuendelea kuiba, wala hapana ambaye angewakamata.

Lakini yaliyompata kinyozi ni haya. Alikuwa akipakua nyimbo zake katika mtandao mmoja wa namna hiyo (jina lake hatulitaji, wala si katika hii miwili tuliyoitaja), na wimbo ukija huja na tangazo limeshonwa mwanzoni mwake, sauti ya kijana mchangamfu ikimwita msikilizaji acheze kamari ya mpira, ikimtajia na nambari ya kupeleka fedha. Kinyozi mwenyewe hakujali. Sikio lake lilikuwa likingojea wimbo. Lakini alikuwa akiufungulia dukani kutwa, na dukani alikuwako mdogo wake, mtoto wa miaka kumi na minane, akifagia nywele na kulisikia tangazo lile mara thelathini kwa siku. Mwaka jana mama yao aliuza mahindi, akampa huyo mdogo fedha aende akalipe ada ya chuo. Ada haikulipwa. Mtoto alipobanwa aseme nambari ile aliipata wapi, alisema, "Katika wimbo wa kaka."

Basi ndiyo maana ya swali.

Watu husema rahisi yavunja upishi, na wengi wangelimaliza neno hapo. Sisi hatuoni kwamba yatosha, kwani vya bure si vya namna moja. Yuko mtu achimbaye kisima akakiweka wakfu, wapita njia wakanywa. Huyo hana haja na mnywaji, na mnywaji akishakunywa aenda zake kama alivyokuja. Yuko na muuza nguo awekaye mtungi wa maji mlangoni pa duka, ili mwenye kiu asimame, na akisimama aone kanga. Huyu wa pili hakutenda ubaya. Amenywesha watu maji, na mwenye kuipenda kanga ataitazama, asiyeipenda atafuta midomo aende.

Na katika mambo ya nyimbo, hili si jipya kwetu watu wa pwani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake, na santuri zile zikarudi Unguja, walioweza kununua gramafoni walikuwa wachache. Wengi walizisikia katika mikahawa. Muuza kahawa alinunua santuri kwa sababu wasikilizaji watakunywa kahawa. Wimbo ulikuwa bure na kahawa ndiyo iliyoulipia. Hatujapata kusikia mtu aliyelalamika kwamba ameuzwa kwa muuza kahawa.

Je, tofauti iko wapi? Wako watakaosema iko katika bidhaa tu: kahawa ni halali na kamari ni haramu, na mas'ala yamekwisha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Yule muuza kahawa alikuwapo pale, uso wake ukionekana, na mtu akimjua kwa jina na kwa baba. Tangazo la simu halina uso. Tena kahawa ilikuwa kando ya wimbo. Tangazo hili limo ndani yake, na wimbo ukishahifadhiwa katika simu, nalo limehifadhiwa. Mwezi wa Aprili 2025 bodi ya serikali ya Kenya iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Redio na televisheni ziliamriwa kunyamaza. Lakini wimbo uliokwisha kupakuliwa Bungoma haupokei amri. Ukifunguliwa husema kama ulivyosema jana.

Na liko jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Mtu akisikia sauti aipendayo huacha mlango wake wazi. Angebishiwa hodi na mcheza kamari angemtazama mara mbili. Lakini huyu haji peke yake, huja ameshikwa mkono na mwimbaji. Basi anachonunua mwenye tangazo si sikio tu. Sikio mtu aweza kulipata kwa kupiga kelele sokoni. Hununua ule uaminifu alio nao msikilizaji kwa kitu akipendacho, na uaminifu huo si mali ya mtandao wala ya mwimbaji hata wauuze.

Tulimwambia kinyozi maneno haya tumekaa mbele ya duka lake, nasi tukadhani tumesema vizuri. Yeye alinyamaza kidogo, akiwa na heshima zake, kisha akasema, "Sheikh, niwie radhi. Na karatasi yenu hii mnayonipelekea bure kila mwezi, hulipiwa na nani?"

Msomaji ajua hulipiwa na nani. Ageuze ukurasa wa nyuma. Yuko muuza vitambaa, yuko mwenye halua, yuko wakala wa safari za Hija. Na katika toleo la Ramadhani iliyopita alikuwako mwingine, mkopeshaji wa fedha kwa njia ya simu, aliyeahidi mkopo katika dakika tano. Tangazo lile tulilichapa sisi. Tulikuwa na deni kwa mpiga chapa, naye alilipa papo hapo, basi hatukumwuliza faida atozayo, wala hatukumwuliza hata kama ana leseni ya Benki Kuu, nayo sheria ya leseni hiyo ipo tangu mwaka 2021 na kanuni zake tangu 2022. Baada ya Idi alitujia mama mmoja wa Majengo, mjane, ambaye alikopa huko, na deni lilikuwa likiota kila wiki, na jamaa zake walikuwa wakipigiwa simu za aibu. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba alipoliona katika karatasi ya masheikh alidhani limekwisha kutazamwa.

Hatukumsimulia kinyozi khabari hii siku ile, tuliona haya. Tunaiandika hapa kwa sababu jibu la swali lake limo humo. Hakupewa, wala hakuuzwa, aliletewa mgeni. Kama angesikiliza peke yake, shauri lingekuwa lake na nafsi yake. Lakini alipokifungulia kipaza sauti dukani alikuwa mwenye nyumba kwa wote waliokaa humo, na mwenye nyumba huulizwa ni nani aliyemkaribisha. Yeye aliulizwa na mama yake. Sisi tumeulizwa na mjane wa Majengo.

Tuliporudi tulikaa na wenzetu wa darsa baada ya sala ya isha. Mmoja alitaka matangazo yote yaachwe. Mwingine alikumbusha, kwa haki, kwamba mwenye halua hajapata kumdhuru mtu ila meno. Tumeafikiana kwamba kila tangazo litasomwa na watu wawili wasioshika hesabu ya fedha, na kwamba mwenye tangazo ataitwa aje, aonekane uso. Mkopeshaji alikuwa amekwisha kulipia matoleo mawili zaidi. Tumemrudishia fedha zake. Kwa hiyo nusu ya ukurasa wa nyuma wa toleo hili ni tupu, na kwa mpiga chapa tungali twadaiwa.

Kinyozi tumemwandikia, naye amejibu kwa haraka, na amekuja na swali jingine. Asema Kitale yuko fundi ambaye kwa shilingi kumi hulikata tangazo likabaki wimbo mtupu. Je, ni halali? Tumemjibu kwamba tangazo ndilo bei iliyoafikiwa, na mwenye kuchukua bidhaa akaikata bei amerudi katika duka lile lile la kuchajia simu. Kama bei haimridhi, aache bidhaa, au ainunue kwa fedha yake. Amesema amenunua nyimbo mbili kwa fedha, zaidi ya hizo hana uwezo, na kwamba dukani sasa hufungulia redio. Redio nayo ina matangazo, na mdogo wake angali anafagia. Tutamwandikia tena.